Baba mdogo anataka niache chuo cha Unguja nihamie Dodoma

BARUA YA MSOMAJI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Songea, na ninasoma shahada ya ualimu katika masomo ya Kiswahili na historia kwenye chuo kimoja kidogo hapa Unguja. Sasa nipo mwaka wa pili, muhula wa pili. Ninaishi Mji Mkongwe, upande wa Kiponda, katika chumba nilichopangishwa na bibi mmoja mjane ambaye watoto wake wote wapo Muscat. Ninakuandikia kwa sababu natakiwa kutoa jibu kabla ya likizo ndefu, na kila nikikaribia kulitoa ninaogopa.

Chuo hiki sikukichagua kwa mapenzi. Nilikuwa nimeomba nafasi Dar es Salaam nikakosa, nikaja huku kwa kuwa nafasi ilipatikana. Miezi ya mwanzo ilinishinda. Darasani hatufiki ishirini, kwa hiyo usipohudhuria mwalimu anajua, jirani anajua, na jioni mwenye nyumba anakuuliza mbona leo hukwenda kusoma. Mimi ni Mkristo, na ingawa hakuna aliyenivunjia heshima, ilinibidi nijifunze upya namna ya kuvaa nikipita mitaani, na Ramadhani yangu ya kwanza sikujua nile wapi mchana, hadi bibi mwenye nyumba aliponiambia nipike jikoni kwake, nifunge mlango, nile, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kusoma na njaa. Tangu siku hiyo nilianza kuona kwamba huenda ninaweza kuishi hapa.

Kilichonibadilisha zaidi ni masomo yenyewe. Mwalimu wetu wa historia alitupeleka Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, akatuonyesha barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi ilikuwa imegeuka kahawia na kingo zake zimeliwa na wadudu. Alitusomea polepole: mtu anamdai mwenzake fedha za karafuu, lakini kwanza anamsalimu kwa mistari mingi, anaulizia watoto, anaulizia mgonjwa, na deni analitaja mwishoni kabisa kwa maneno machache. Nilirudi nyumbani nikamsimulia bibi, na yeye, ambaye alisoma Kurani chuoni utotoni, akaanza kunifundisha herufi hizo jioni baada ya chakula. Sasa ninasoma kwa shida, lakini ninasoma. Mwalimu ameahidi kunisimamia mwaka wa tatu nifanye utafiti wangu juu ya barua za aina hiyo.

Tatizo ni baba yangu mdogo. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na tangu hapo yeye ndiye anayenisomesha. Nina mkopo wa sehemu kutoka Bodi ya Mikopo. Ada iliyobaki na kodi ya chumba analipa yeye. Anafanya kazi Dodoma na amejenga huko. Anasema nihamie Chuo Kikuu cha Dodoma, niishi nyumbani kwake, tuokoe kodi, na nipate shahada ya chuo ambacho watu wanakijua. Anasema mwajiri akisikia nimesoma Zanzibar atadhani nilikwenda kutalii. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu aliniambia: “Nimekusomesha tangu kidato cha kwanza, sijawahi kukuomba kitu.” Sikuweza kumjibu. Mama ananiambia nimsikilize baba mdogo, kisha ananyamaza.

Sitaki kukuficha kwamba huku nako kuna upungufu. Vitabu vya maktaba ni vichache na tunavigombania. Mhadhiri mmoja anafundisha kozi tatu, na kozi moja imeahirishwa hadi mwakani kwa kukosa mwalimu. Tena watoto wa bibi wanazungumza na mtu anayetaka kuikodi nyumba aifanye hoteli, na bibi ameniambia kwa masikitiko kwamba huenda mwisho wa mwaka nikalazimika kutoka. Wakati mwingine nahisi kila kitu kinaniambia niondoke, isipokuwa moyo wangu.

Je, nikibaki nitakuwa nimekosa shukrani? Nikihama, nitajuta? Na ni kweli kwamba shahada ya chuo kidogo haitanipa kazi?

Mwanafunzi, Mji Mkongwe

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza juu ya ukubwa wa chuo, lakini sehemu kubwa ya barua yako umeiandika juu ya watu: mwalimu aliyekufungulia ile barua ya deni la karafuu, bibi aliyekuruhusu kula jikoni kwake mchana wa Ramadhani, baba mdogo aliyesema neno moja likakufunga mdomo, na mama anayenyamaza. Naliona tatizo lako hivi: upo katikati ya shahada, mahali ambapo hukupachagua lakini umeanza kupapenda, na mtu ambaye bila yeye usingefika hapo anakutaka uondoke, kwa sababu ambazo baadhi yake ni za kweli na nyingine hamjawahi kuzijadili. Jibu la ndiyo au hapana sitakupa, kwa kuwa miaka itakayofuata utaiishi wewe. Ninachoweza ni kukusaidia kuyatenganisha mambo yaliyoshikana.

Nianze na kazi, maana ndilo swali lenye majibu yanayoweza kuchunguzwa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na vyuo vikuu vya Bara na vya Visiwani vinasimamiwa na Tume moja ya Vyuo Vikuu Tanzania. Elimu ya msingi na sekondari siyo ya Muungano. Kila upande una wizara yake na huajiri walimu wake. Kwa anayesomea ualimu, kwa hiyo, la msingi ni kwamba chuo kinatambuliwa, kozi yako imepata ithibati, na masomo yako mawili ya kufundishia yameandikwa wazi katika matokeo. Chukua matangazo kadhaa ya ajira za walimu, ya Bara na ya Zanzibar, uyasome mstari kwa mstari uone yanadai nini. Ukimaliza, mtumie baba mdogo nakala.

Hata hivyo, usimwone kana kwamba amesema upuuzi. Zipo kazi, hasa nje ya ualimu, ambako jina la chuo humfungulia mtu mlango kabla hajafungua kinywa, na upo msaada mkubwa katika kusoma na watu wengi ambao baadaye watatawanyika kila mkoa. Darasa la watu wasiofika ishirini halitakupa hilo. Ninaloliuliza ni kama sifa hiyo inatokana na ukubwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kwa baba mdogo ndicho chuo chenye jina, kilianzishwa mwaka 2007. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua milango mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi wasiofika ishirini, wote wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye akawa Waziri wa Sheria. Sisemi kwamba chuo chako kitafuata njia hiyo. Nasema tu kwamba neno “kidogo” halitoshi kukueleza chuo kina nini na kimekosa nini, na wewe mwenyewe umenitajia vitu kilivyokosa: vitabu, wahadhiri, na kozi iliyoahirishwa. Hiyo kozi ningeifuatilia wiki hii hii. Mwulize mkuu wa idara kama ni ya lazima kwa kuhitimu, itafundishwa muhula gani na nani, na itakuwaje mwakani ikiwa mwalimu bado hajapatikana. Majibu yake yana uzito kuliko maneno ya watu wanaosifu au kudharau chuo.

Sasa nije kwenye mji, ambao naona umekuteka moyo, na sishangai. Kiswahili unachosomea kukifundisha kilisanifiwa kwa kufuata Kiunguja, na kamati iliyoanza kazi hiyo mwaka 1930 ilifuata lahaja ya mji unaolala ndani yake. Unapofika sokoni Darajani unawasikia watu wakikizungumza kwa namna ambayo mwanafunzi wa mbali huisoma kwenye vielelezo. Kwa upande wa historia, unatoka chumbani, unapita Mkunazini, ambako kanisa la Anglikana lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na baada ya safari fupi ya daladala upo Kilimani mbele ya karatasi zenyewe. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini mwanafunzi anayeishi ndani yake anajua pia yale ambayo bango halisemi: chokaa inavyobanduka ukutani wakati wa masika, boriti inavyolika kimyakimya, na jinsi sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilivyoporomoka Desemba 2020 watu wakitazama. Kujifunza historia mahali ambapo bado inavunjika na kuzibwa ni bahati ambayo wengi hawaipati.

Lakini hapo ndipo ninapotaka kukuuliza maswali magumu kidogo. Bahati hiyo umeipata kwa mji, au kwa mwalimu mmoja? Wapo wanafunzi wanaopita Mkunazini kila siku kwa miaka mitatu bila kuingia. Wewe uliingia kwa sababu kuna mtu alikushika mkono. Akistaafu, akihamishwa au akienda masomoni kabla hujaanza utafiti, nani atakusimamia, na je, bado utataka kubaki? Ahadi ya mwalimu ni njema, lakini ni ya mtu mmoja, na chuo chenye wahadhiri wachache hutikisika akiondoka hata mmoja. Nenda kamwulize kwa adabu, bila kuzunguka, kama mwakani atakuwepo, na kama yupo mwingine anayeweza kusoma barua za herufi za Kiarabu. Hatakasirika. Mwalimu wa kweli hufurahi kuona mwanafunzi anaupangia utafiti wake mapema.

Na je, ni kweli kwamba ukienda Dodoma utaiacha historia nyuma yako? Katika mkoa huo huo wa Dodoma ipo michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo nayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwenu Songea kuna Makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari mji huwakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nimeona ajabu kidogo kwamba mtoto wa Songea anayesomea historia hakuitaja Songea hata mara moja isipokuwa kama mahali alipozaliwa. Silisemi hili kukulaumu, nalisema kwa sababu ujuzi ulioupata Kilimani, wa kuisoma karatasi ya zamani kwa subira na kumsikia aliyeiandika, unaweza kuuchukua popote utakapokwenda. Linalobaki ni kama umeshaushika vya kutosha kuondoka nao, au bado unahitaji mwaka mmoja zaidi karibu na mwalimu wako na karibu na bibi. Hilo mimi siwezi kulipima nikiwa mbali, wewe unaweza.

Kuhama katikati ya shahada kuna gharama ambazo nahofia baba mdogo hajazihesabu. Chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua ni masomo mangapi kati ya uliyofaulu yatatambuliwa, nayo Tume ya Vyuo Vikuu ina taratibu na muda wake wa kushughulikia uhamisho. Inawezekana ukaambiwa urudie mwaka wa pili wote. Ikiwa hivyo, kodi ya chumba mtakayookoa italiwa na ada ya mwaka wa ziada, na utaingia kwenye soko la ajira mwaka mmoja baada ya wenzako. Pia inawezekana masomo yako mengi yakakubaliwa, na hesabu ya baba mdogo ikawa sahihi. Hatujui hadi uandike. Kwa hiyo andika kwa msajili wa chuo cha Dodoma ukiambatanisha matokeo yako, uulize utapokelewa mwaka gani, na uandike kwa Bodi ya Mikopo uulize mkopo wako utakuwaje ukihama, hasa muda wa masomo ukirefuka. Usikubali majibu ya mdomo wala ya kusikia kwa mwanafunzi mwenzako, na kwa vyovyote vile usiiachie nafasi uliyonayo kabla hujawa na barua mkononi. Wapo vijana waliojitoa chuo kimoja kwa ahadi ya kingine, wakabaki nyumbani mwaka mzima.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye stakabadhi. Umeniambia baba mdogo amejenga na kwamba utaishi kwake, lakini hukuniambia lolote kuhusu nyumba hiyo: mama mdogo mnapatana vipi, kuna watoto wangapi, utalala wapi, nani atapika na kufua, na utapata saa ngapi za kusoma. Chumba cha bure katika nyumba ya ndugu kinaweza kuwa raha na ulinzi kwa binti aliyechoka kukaa ugenini. Kinaweza pia kukugeuza mlezi na mpishi, kukiwa na mtihani kesho, bila mtu yeyote kukusudia kukuonea. Kama umeshawahi kukaa kwao likizo, unajua ni lipi kati ya hayo.

Kuhusu nyumba ya Kiponda, nakuhurumia, na nampa pole pia bibi. Kinachompata kimewapata wengi Mji Mkongwe, ambako nyumba iliyolea vizazi hugeuka hoteli kwa sababu mgeni wa wiki moja analipa kuliko mpangaji wa mwaka. Mamlaka ya kuhifadhi mji husimamia namna jengo linavyobadilishwa, lakini hiyo haimpi mpangaji haki ya kubaki chumbani. Naona, hata hivyo, kwamba umelihesabu jambo hili kama ishara ya kuondoka Unguja, wakati linakutaka tu utafute chumba kingine. Uliza kuhusu bweni la chuo. Uliza Kikwajuni, Michenzani na Mwembetanga, sehemu za Ng’ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ambako huenda ukapata chumba cha bei nafuu na bado ukawa umbali wa kutembea hadi kwa bibi kwa ajili ya zile herufi za jioni. Mwanafunzi wa historia hatapungukiwa kitu kwa kukaa Ng’ambo. Watu waliopanda ngazi za nyumba za mawe kila asubuhi kwenda kuzihudumia walilala huko.

Sasa neno lile la simu. “Nimekusomesha tangu kidato cha kwanza, sijawahi kukuomba kitu.” Naelewa kwa nini lilikunyamazisha, kwa sababu ni kweli, na ukweli wa namna hiyo hauna jibu la haraka. Nataka tu uangalie kwamba ndani yake mna mambo mawili. Moja ni deni la shukrani, ambalo ni lako, na utalilipa kwa miaka mingi na kwa njia nyingi. La pili ni uamuzi wa wapi umalizie shahada, ambao una hoja zake. Yakichanganywa, kila hoja ya masomo utakayoitoa itasikika kama ukosefu wa adabu, na hata ukitii, utii huo unaweza kuja kuwa kinyongo dhidi ya mtu aliyekutendea mema. Yeye anaona malipo yanayotoka kila muhula, hajaona unachokisoma. Je, amewahi kuyaona matokeo yako? Anajua kwamba unasoma barua ambazo wengi wa rika lako hawawezi kuzisoma? Na wewe umewahi kumwuliza kinachomsumbua hasa? Huenda ni fedha, na mambo yamekuwa mazito kwake kuliko anavyopenda kukiri. Huenda anaogopa binti wa marehemu kaka yake yupo mbali, baharini, na likitokea jambo atalaumiwa yeye. Huenda ni heshima mbele ya wenzake kazini. Kila moja ya hofu hizo ina dawa yake, na ni moja tu inayotibiwa kwa kuhama chuo.

Ningekushauri umwandikie barua ya karatasi badala ya ujumbe wa simu. Uianze kwa kumshukuru kwa mambo unayoyakumbuka kwa majina, sare ya kwanza, nauli, siku aliyokusindikiza shuleni, kisha umweleze masomo yako yalivyo, pamoja na mapungufu ya chuo ambayo umenieleza mimi, ili aone humfichi. Mwambie umeandika kwa msajili na kwa Bodi, na kwamba utamletea majibu mkaketi mkayasoma pamoja. Ipo hatari kwamba ataiona barua hiyo kama ubishi na kusimamisha msaada. Kwa hiyo kabla hujaituma ujue kiasi gani cha ada kinabaki nje ya mkopo, na kama chuo kinaruhusu kulipa kwa awamu. Ipo pia hatari ya upande wa pili, kwamba atakubali ubaki kwa shingo upande, na wewe utausoma mwaka wa tatu ukiwa na hofu kwamba usipofaulu vizuri atakuwa amepatia.

La mwisho ni mama yako, uliyemgusia kwa sentensi moja. Anasema umsikilize baba mdogo, kisha ananyamaza. Mjane ambaye shemeji yake anamsomeshea mtoto hayuko huru kusema kila analolifikiri, hasa kwenye simu inayosikilizwa na watu sebuleni. Mtafute siku ambayo yupo peke yake shambani au njiani kutoka kanisani, na usimwulize ufanye nini, mwulize marehemu baba yako angependa nini kwako na yeye mwenyewe anaogopa nini. Mpe muda ajibu. Ukipata majibu ya msajili, ya Bodi na ya mama, na bado ukaona njia haijakaa sawa, niandikie tena, nami nitakusoma.